Jezi ya Machi

Lonnie Stiltner alikuwa mrushaji wa akiba wa besiboli, na mrushaji wa akiba ni mtu wa kungoja. Wenzake huanza mchezo na kupigiwa makofi. Yeye hukaa kwenye zizi la warushaji nyuma ya uzio, akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda, mpaka mambo yaharibike. Hapo simu ya ukutani hulia, kocha akataja jina lake, naye akaenda kuzima moto uliowashwa na mwingine. Akiuzima, sifa ni za timu. Akishindwa, lawama ni zake.

Kwa miaka minane aliizima mioto ya namna hiyo katika ligi za chini, Tennessee, Iowa, Oklahoma, akilala kwenye mabasi na kuamkia miji ambayo hakujua majina ya mitaa yake. Alitumia mkono wa kushoto, na katika besiboli mwenye shoto hatupwi upesi. Klabu nne zilimwacha, na kila moja ilipomwacha nyingine ilimwokota. Ligi kuu aliiona kwenye televisheni kama watu wengine wote.

Katika klabu ya tano alimkuta Teo Arroyo, mdakaji, yule apokeaye mipira ya mrushaji, kutoka Puerto Rico, mtu mfupi wa mabega mapana aliyecheka kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. Walipanga nyumba moja misimu mitatu. Teo alipika wali na maharage katika sufuria iliyokatika mpini. Lonnie aliosha vyombo. Binti wa Teo alipobatizwa, Lonnie ndiye aliyesimama kanisani kama baba wa ubatizo, ndani ya koti la kuazima ambalo mikono yake iliishia karibu na viwiko.

Agosti ya mwaka 1994 wachezaji wa ligi kuu waligoma. Wenye timu walitaka kuwawekea kikomo cha mishahara. Wao wakakataa na kuweka magongo chini. Fainali za mwaka ule zikafutwa, majira ya baridi yakapita bila suluhu, na ilipofika Februari wenye timu wakatangaza kwamba msimu utachezwa, wagomaji wapende wasipende. Wangeokotwa watu wa ligi za chini, wastaafu, walimu wa michezo, madereva wa malori, yeyote anayeweza kurusha mpira ukafika.

Klabu ilikuwa kambini Florida. Walt Dressler, msimamizi wa wachezaji wa ligi za chini, aliwaita ofisini mmoja mmoja. Teo alitangulia. Hakukaa hata dakika tano. Alitoka akaenda moja kwa moja kwenye kabati lake na kuanza kutoa vitu vyake. Akaitwa Lonnie.

"Una miaka mingapi sasa, Stiltner?" Dressler aliuliza.

"Ishirini na tisa."

"Karatasi inasema thelathini mwezi ujao."

"Basi karatasi inanijua kuliko mimi."

Dressler hakucheka. "Utavaa jezi ya ligi kuu. Utacheza mechi za maandalizi za Machi, na msimu ukifunguliwa, utakuwamo. Hutaki, sikushiki shati. Kituo cha basi hakiko mbali, Arroyo anaijua njia."

"Na wagomaji wakirudi?"

"Wakirudi, nitakumbuka nani alinifaa."

Lonnie alitoka akamkuta Teo amepiga goti, anavunjavunja tope lililogandamana kwenye viatu vyake kabla ya kuviweka begini.

"Umemwambiaje?" Teo aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimesema nitafikiria."

"Kufikiria nini? Wewe wa kufundishwa mgomo? Baba yako si alilala barabarani miezi kumi? Si wewe uliyenisimulia?"

"Mimi si mwanachama wao, Teo. Hawajawahi kuninunulia hata soda."

"Wanagoma kwa ajili yetu pia. Siku tukifika kule."

"Tukifika lini?"

Teo alifunga zipu ya begi. "Sijui lini," alisema mwishowe. "Lakini nikifika nataka niingie kwa mlango."

Kesho yake asubuhi Lonnie alipita geti la kambi ndani ya gari la klabu pamoja na wengine kumi na mmoja. Teo alikuwa amesimama nje, begi miguuni, akingoja usafiri wa kwenda uwanja wa ndege. Gari lilipunguza mwendo pale alipokuwa. Lonnie aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu, na alipoinuka geti lilikuwa nyuma yao.

Jezi aliyopewa ilikuwa na namba hamsini na nne. Aliivaa akasimama mbele ya kioo, akageuka kulia, akageuka kushoto, akajitazama mgongo kwa kupinda shingo, mpaka mwenzake mmoja akamwomba apishe na wengine wajione. Sababu yake ilikuwa hiyo tu. Hakuwa na njaa, hakuwa na mtoto hospitalini. Alikuwa ameitamani jezi ile tangu akiwa na miaka sita, basi.

Lakini mwandishi wa gazeti alipokuja kuuliza kwa nini wamekubali kuvunja mgomo, kila mtu alikuwa na jambo zito la kusema. Mmoja alitaja mapacha wake, mwingine nyumba iliyokuwa inakaribia kupigwa mnada. Zamu ya Lonnie ilipofika, aliona aibu kusema habari za kioo.

"Mama yangu ana kisukari," alisema. "Dawa ni ghali. Sasa mtoto wa kiume atafanya nini?"

Habari ilitoka na picha. Gazeti la kwao, kusini-magharibi mwa Virginia kwenye mabonde ya makaa ya mawe, likaichapa upya ukurasa wa mbele.

Retha Stiltner kweli alikuwa na kisukari. Ila dawa zake hazikumgharimu Lonnie hata senti, wala hazikumgharimu Retha. Zililipwa na kadi ya matibabu ya chama cha wachimba makaa. Mwaka 1989 kampuni ilipotaka kuifuta kadi ile, Orval, babake Lonnie, alikaa barabarani na wenzake mbele ya malori, wamevaa nguo za mabaka kama za jeshi, tangu machipuko hadi theluji. Alikamatwa mara tatu. Meno mawili aliyaacha kwenye ngazi ya basi la polisi. Kadi ikabaki. Sasa kijana wake alikuwa gazetini akisema mama hana dawa.

Orval hakuwa mtu wa kupiga simu. Alipiga siku ile.

"Lonnie."

"Baba. Mama hajambo?"

"Mama yako yuko hapa anakula kuku. Dawa kameza asubuhi. Unajua zimelipwa na nani?"

Lonnie alihamishia simu sikio la pili.

"Nimekuuliza."

"Na chama."

"Na chama. Sasa mimi nitapitaje dukani kesho? Watu wananiuliza: 'Orval, kwani ile kadi tuliyoifia haifanyi kazi kwako?'"

"Baba, sisi si wanachama wa chama chao. Hawatutambui hata—"

"Hata mimi sikuzaliwa na kadi mfukoni. Siku ya kwanza niliyokataa kuvuka mstari wa wagomaji nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa mwanachama wa kitu chochote." Alikohoa kwa muda, mapafu yake yalikuwa yameshajaa vumbi la makaa. "Wasaliti wa huku nawajua mmoja mmoja, kwa jina na kwa rangi ya gari. Sikujua kuwa mmoja nilikuwa nikimlisha mwenyewe."

Kisha Retha akachukua simu. "Mwanangu," alisema, "siku nyingine ukitaka kuniuguza gazetini niambie mapema, nitengeneze nywele." Ulikuwa utani, lakini mwenyewe hakucheka.

Mwanzoni mwa Aprili, msimu ukiwa unasubiriwa kufunguliwa, jaji aliyesikiliza kesi yao akawapa haki wachezaji na mgomo ukaisha. Watu wa kuokotwa waliambiwa wakusanyike. Hakuna aliyewahutubia. Kikaletwa kikapu cha kufulia, kila mtu akavua jezi yake akaitupia humo. Zile mechi za Machi hazikuhesabiwa popote. Kwenye vitabu vya ligi kuu Lonnie Stiltner alikuwa bado hajazaliwa. Walt Dressler, aliyeahidi kukumbuka, alimwacha mwezi wa Juni kwa karatasi iliyosainiwa na mtu mwingine.

Mchuma janga hula na wa kwao. Orval aliacha kwenda duka la kahawa walikozoea kukutana wachimbaji wastaafu. Hakufukuzwa. Alichoka tu kuona maongezi yanakatika anapoingia.

Lonnie aliendelea kurusha. Hakujua kazi nyingine. Klabu ya sita, ya saba, ya nane. Bega lilikuwa limeanza kuuma, lakini akiwa na miaka thelathini na miwili alijifunza mpira mmoja wa polepole uliozama ghafla mbele ya mpigaji, na mpira ule ukampandisha. Tarehe tisa Agosti 1997, Wahunzi, timu ya ligi kuu, walimpoteza mrushaji wao wa shoto kwa jeraha la kiwiko. Wakamwita Stiltner.

Aliingia chumba cha kubadilishia nguo saa nane mchana, begi begani. Redio ilikuwa inaimba, watu wanacheza karata. Mtu mmoja alimtazama, akamgusa mwenzake. Karata zikasimama. Redio ikazimwa. Hakuna aliyemtukana. Walimpa visogo, mmoja baada ya mwingine, wakajishughulisha na soksi zao na magongo yao, na Lonnie akatembea katikati yao mpaka kwenye kabati la mwisho karibu na choo, ambako mkanda wa karatasi ulikuwa na jina lake.

Kabati la tatu kutoka lake alikaa mdakaji wa akiba wa timu ile. Alikuwa Teo Arroyo.

"Teo," Lonnie alisema.

Teo alikuwa anajifunga bandeji kwenye kidole gumba. Aliimaliza, akaikata kwa meno, akainuka akatoka.

Waliishi hivyo wiki saba. Chama cha wachezaji kilipofanya kikao, mwakilishi wake alifungua mlango akasema hewani, bila kutaja jina, "Asiyekuwa mwanachama atupishe." Asiyekuwa mwanachama alikuwa mmoja tu. Aliomba kujiunga, barua yake haikujibiwa, maana chama kilikwishaamua kwamba aliyevaa jezi Machi ile ya mgomo hataingia maisha. Chakula alikula katika chumba cha nguo chafu pamoja na mzee Pruitt, mfuaji wa timu, ambaye hakuwa na neno na mtu na alipenda kuzungumzia mbwa wake. Kwenye ndege kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu hata ndege ilipojaa.

Na alirusha vizuri. Hilo ndilo lililowakera zaidi. Alitoka zizini mara kumi na tisa, na wapigaji wa shoto wa ligi kuu, majina aliyowahi kuyaona kwenye karatasi za pipi za mtoto wa Teo, walipiga upepo, mpira ukawapita.

Jumapili ya mwisho ya msimu Wahunzi walihitaji ushindi mmoja ili waingie mtoano. Mzunguko wa nane wakiongoza kwa pointi moja, wapinzani wakajaza vituo viwili, wamebakiza wapigaji wawili wa kutolewa, na kocha akapiga simu zizini. Lonnie alitembea hadi kichuguu cha mrushaji huku watu elfu arobaini wakipiga kelele. Mdakaji wa kwanza alikuwa ameumia kifundo saa moja kabla. Nyuma ya kibao cha mpigaji alichuchumaa Teo.

Sheria ya kazi inataka mdakaji aje kuzungumza na mrushaji mpya. Teo akaja, ameziba mdomo kwa glavu ili wapinzani wasisome midomo yake.

"Huyu anapenda mpira wa ndani," alisema. "Mpe nje, chini. Anayefuata usimpe kitu cha haraka."

"Mtoto hajambo?" Lonnie aliuliza.

Teo alimtazama kwa mara ya kwanza tangu Agosti. "Nje, chini," alisema, akageuka.

Mpigaji wa kwanza alikosa mara tatu, akatoka. Wa pili alipewa mpira wa kuzama mara nne mfululizo. Mpira wa nne aliugonga ukaruka wima juu ya kibao, na Teo akatupa barakoa, akarudi hatua mbili, akaudaka. Moto ukazimika. Lonnie aliposhuka kuelekea benchi, timu nzima ilikuwa imesimama kwenye ngazi mikono imenyooshwa. Alikuwa mbele, Teo nyuma. Mikono ilishuka alipopita, ikapanda tena kwa Teo. Alipita katikati kama mtu anayepita kati ya nguzo za uzio, akaenda mwisho wa benchi, akajifunika bega kwa koti.

Walishinda. Ndani wakamwagiana mvinyo wa mapovu, wakapiga picha. Lonnie alikaa chumba cha nguo chafu akisikia kuta zinatikisika. Mzee Pruitt alimletea fulana ya ushindi, iliyochapwa mgongoni majina ya timu nzima. Alimkabidhi akiwa ameikunja, akasema, "Usiifungue hapa." Lonnie akaifungua. Majina yalikuwa ishirini na nane, na la mfuaji lilikuwamo.

Teo alimkuta kwenye ujia, nywele zinachuruzika.

"Umerusha vizuri," Teo alisema.

"Hiyo tu?"

"Unataka nini zaidi?"

"Miaka mitatu nimekuoshea sufuria, Teo. Mtoto wako nimemshika kichwa kwenye maji. Na unanipita kama mkojo ukutani."

Teo alijikausha uso kwa fulana. "Mwaka ule nilikaa nyumbani mpaka Mei nikipakia matofali kwa mjomba wangu. Watu wawili walionikatalia mkopo walikuwa wamekuona wewe kwenye televisheni, wakaniuliza mbona mimi sichezi. Hilo nimelisahau. Ulitaka kucheza, hata mimi nilitaka kucheza." Alisogea pembeni kumpisha mtu aliyebeba barafu. "Lakini pale getini uliinama. Viatu vyako vilikuwa havina kamba, Lonnie. Vilikuwa vile vya kuvuta. Ungenitazama tu, ningekutukana, mambo yangeisha."

Lonnie alitazama chini, kwenye viatu vyake.

"Mtoto anakuuliza," Teo aliongeza. "Namwambia uko mbali." Kisha akarudi kwenye kelele.

Kesho yake orodha ya mtoano ilibandikwa. Mrushaji wa shoto aliyeumia alikuwa amepona. Stiltner hakuwamo.

Alikwenda nyumbani bondeni, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili na nusu. Retha alimkumbatia akampakulia maharage na mkate wa mahindi. Orval alikuwa kibarazani na mpira mwembamba wa hewa puani, mtungi wake umesimama pembeni mwa kiti. Lonnie alitoka na sahani yake, akaketi kwenye ngazi. Walikaa mpaka maharage yakapoa.

"Umecheza huko juu," Orval alisema.

"Nimecheza, baba."

"Siku ngapi?"

"Hamsini na moja."

"Walikupa mkono?"

"Nani?"

"Wenzako. Ulipofanya vizuri."

Lonnie alikuwa ameazimia kumwambia habari za wapigaji wale wawili. "Hapana," alisema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Orval alivuta hewa, akaitoa taratibu. "Basi wale ni watu kweli," alisema. "Mimi nilidhani matajiri hawajui kugoma."

Maneno yale yalimwingia Lonnie kuliko visogo vyote vya wiki saba. Akaweka sahani chini. "Baba, haikuwa dawa za mama. Nilimdanganya yule mwandishi. Nilitaka kuivaa ile jezi, hakuna kingine."

Mzee aliunyoosha mpira wa hewa puani.

"Ungesema hivyo gazetini," Orval alijibu, "ningekuita mpumbavu. Na mpumbavu anaweza kula meza moja na mimi." Aliinuka kwa shida, akaukokota mtungi wake ndani, na jioni ile alikulia chumbani.

Lonnie alirusha miaka miwili zaidi, Mexico na kisha Taiwan, mpaka msuli wa bega ukachanika katikati ya mchezo na sauti yake ikasikika benchi. Akarudi Virginia, akapata kazi ya kubadilisha matairi. Alimpelekea babake dawa, alimkatia kuni, alimpeleka hospitali kila Alhamisi. Walizungumza habari za hali ya hewa na za gari.

Orval alifariki Februari 2001. Alikuwa ameandika kwa mkono wake majina ya watu sita wa kubeba jeneza lake, wachimbaji wote, na watano waliokuwa bado hai walikuja wakiwa wamevaa zile nguo za mabaka. Nafasi ya sita ilikuwa wazi. Lonnie alisogea. Mmoja wao, mzee aliyekuwa akichechemea, alimwangalia, akaita mwanawe kutoka kwenye umati, akamweka pale. Lonnie alitembea nyuma akimshika mama mkono.

Baada ya maziko majirani walijaza meza ya jikoni kwa vyakula, wakaondoka. Lonnie na Retha walibaki wakifunika mabakuli.

"Mama," Lonnie alisema, "ile mechi ya mwisho, ya Wahunzi. Mzee aliisikiliza?"

Retha alikuwa ameshika bakuli la viazi. Alitafuta mfuniko wake, akajaribu mmoja, haukuenea, akajaribu mwingine.

"Ningeweza kukuambia ndiyo, ukapata usingizi," alisema. "Nilimuuliza kama niiwashe redio. Akasema niache, anataka kulala."

"Akalala."

"Hakulala. Alikaa hapo hapo ulipo, akaitazama redio ikiwa imezimwa, mpaka mechi ikaisha." Alimpa bakuli. "Hilo liweke chini kabisa kwenye friji, ni zito."